Jembe, baramini na makopo ya mbegu: historia ya bustani za Mabanga katika vyombo vya Koko

GOMA, Mabanga Kusini – Wasikilizaji na wasomaji wetu, leo siwaletei habari ya mkutano wala ya bei ya viazi sokoni Virunga. Ninawaletea habari ya vyombo vilivyokuwa katika kibanda cha nyuma ya jiko, kwenye nyumba moja ya hapa mtaani. Nyumba hiyo ni ya Koko, mama wa mama yangu. Wengi wenu mlipita pale. Baadhi yenu mlilala pale.

Koko alitutoka mwezi wa Septemba 2025, kwa ugonjwa wa presha. Alituacha wakati mbaya kwa mtu wa jembe: alikuwa amekwisha kulima matuta, anangoja mvua ishike vizuri ndipo apande. Siku ya kuondoa matanga jamaa tulikaa chini kugawa vitu vyake. Vitenge viligawanywa bila maneno mengi. Sufuria vilevile. Kikabaki kile kibanda, na bustani iliyo mbele yake, hatua kumi na mbili kwa hatua saba.

Mjomba akasema wazi: vyuma viuzwe kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu, na pale penye bustani pajengwe chumba cha kupangisha. Hakusema hivyo kwa ubaya. Benki za Goma zilikuwa zimefungwa tangu Januari 2025, mishahara ya wengi ilikuwa imekatika, na chumba cha kupangisha ni pesa ya kila mwezi. Mama mdogo hakujibu. Alisimama akatoka nje, akaenda kukaa ukingoni mwa tuta. Ikawa mimi, kwa sababu eti nimezoea kuandika, nikapewa kazi ya kuchambua kibanda na kuorodhesha vilivyomo.

Nilidhani ni kazi ya saa moja. Ilinichukua siku tatu. Kila chombo nilichokishika kilikuwa na mwaka wake, na miaka hiyo ndiyo historia ya mtaa wetu.

Jembe lililolika

Majembe yalikuwa mawili. Moja jipya kiasi. Lingine limelika mpaka limebaki upana wa kiganja, na mpini wake umebadilishwa mara nyingi hata hakuna anayekumbuka wa kwanza. Hilo ndilo alilotoka nalo Kibati.

Zamani, kabla ya majembe ya viwandani kufika, wahunzi wa nchi hizi za maziwa makuu walikuwa wakifua majembe wenyewe. Jembe halikuwa la kulimia tu. Katika makabila mengi ya huku lilitolewa hata katika mahari. Kumpa mtu jembe ilikuwa kumwambia: sasa una nyumba, una cha kula.

Mimea tunayoiita ya kwetu nayo ina safari zake. Muhogo unaotupatia sombe, maharagwe na mahindi vyote vilitoka bara la Amerika, vikavuka bahari, vikaingia Afrika polepole mkono kwa mkono. Kisha sikilizeni majina ya mboga tunazonunua kila siku: shu, karoti, pwaro, sereli. Ni Kifaransa kitupu. Mboga hizo zilikuja na Wazungu wakati wa utawala wa Wabelgiji, wakaziona zinapenda baridi ya milima yetu. Lakini mboga hazikuja peke yake. Mwaka 1925 lilianzishwa Parc Albert, ambayo leo ni Hifadhi ya Virunga. Mwaka 1928 likaundwa shirika la Comité National du Kivu, lililopewa mamlaka ya kugawa ardhi kwa masetla. Mkulima wa Kivu akajikuta amebanwa, huku mbuga, huku shamba la Mzungu.

Baba yake Koko alikuwa mtunza bustani kwa setla mmoja hapa Goma. Jioni alirudi Kibati na miche iliyopunguzwa kwenye matuta ya bwana wake, ile ambayo ingetupwa. Ndivyo shu na pwaro zilivyoingia katika shamba la Wakumu hao, kando ya maharagwe. Koko alijifunza kupandikiza miche ya Wazungu kabla ya kujifunza kuandika jina lake.

Tarehe 10 Januari 1977, Nyiragongo ilipasuka ubavuni. Ziwa la moto lililokuwa juu ya mlima lilimwagika lote kwa muda usiofika saa moja. Uji ule ulikuwa mwepesi kama maji, ukashuka kwa kasi ambayo mtu mwenye miguu hawezi kuikimbia. Uliua watu na kumeza mashamba yaliyokuwa njiani mwake, na shamba la Koko lilikuwa mojawapo. Siku ile alikuwa ameshuka Goma kuuza mboga, na jembe alikuwa nalo kwa sababu alitaka limepigwe kwa fundi. Nyumbani palibaki jiwe. Mkononi palibaki jembe.

Baramini, chuma cha kuvunjia mawe

Chombo cha pili kilikuwa kizito hata nilikiburuta: baramini, ule mtalimbo mrefu wenye ncha. Mtu wa Masisi akiuona katika kibanda cha mkulima atacheka. Baramini na mboga wapi na wapi?

Lakini sisi ni watu wa Mabanga. Kwa Kilingala *mabanga* ni mawe, na jina hilo halidanganyi. Goma yote imekaa juu ya uji wa volkeno uliopoa. Ukichimba shimo la choo unakutana na jiwe kabla jasho halijatoka. Watu wanapoambiwa kuwa udongo wa volkeno una rutuba wanasema kweli, lakini wanasahau sehemu moja: jiwe lile lazima kwanza liwe udongo, na hiyo ni kazi ya miaka mingi sana. Majivu ya volkeno huwa udongo mapema. Jiwe halina haraka.

Koko na mume wake walipata kiwanja hapa katika miaka ya 1980. Hawakungoja jiwe. Walivunja kwa baramini, mawe makubwa wakajengea ukuta wa uwanja, ule tunaouona hadi leo, madogo wakayatandaza chini ili maji yapite. Halafu kila alipokwenda Kibati kuwaona ndugu zake, Koko alirudi na kiroba cha udongo kichwani. Si viazi, si makaa. Udongo. Majirani walimcheka wakasema mwanamke huyu anahamisha kijiji chake kwa vipande. Juu yake aliongeza maganda ya ndizi, majani ya maharagwe na mavi ya sungura. Nilipopima kwa kijiti siku ile ya kuchambua, udongo ulifika kiwiko changu, na chini yake nikasikia *ko!* ya jiwe.

Kwa hiyo mjomba aliposema "kipande cha ardhi kilichokaa bure", mama mdogo ndiyo maana alitoka nje. Ardhi ile haikukutwa pale. Ililetwa kichwani.

Arozwari na bidoni

Arozwari ya bati, yenye kutu kwenye mdomo, na bidoni tatu za njano zilizokatwa shingo. Hapa ndipo historia ya maji inapoanza.

Mwezi wa Julai 1994 wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Goma, mamia ya maelfu kwa siku chache. Wenye umri kama wangu tulikuwa wadogo sana, lakini wazazi wetu wanakumbuka. Kipindupindu kilianza mara moja. Madaktari waliohesabu baadaye walikadiria kwamba karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, kwa kipindupindu na kuhara damu. Miongoni mwa sababu ilikuwa maji. Mji ulio kando ya ziwa kubwa ulikufa kwa kukosa maji safi, na juu ya jiwe hata makaburi hayakuchimbika kirahisi.

Tangu mwaka ule Koko alikuwa na sheria ambayo watoto wote wa nyumba ile walichapwa kwa ajili yake. Maji ya ziwa yasiyochemshwa hayamwagwi juu ya majani yanayoliwa mabichi, yanamwagwa chini kwenye shina. Maji ya kuoshea mchele na mboga hayatupwi, yanakwenda kwenye bidoni ya bustani. Maji yenye sabuni nyingi yanakwenda kwenye migomba tu. Na mvua ya kwanza baada ya mlima kutoa moshi mwingi haikingwi. Watu wa Rusayo na wa upande wa magharibi wanajua sababu: moshi wa volkeno huingia katika mvua, na mvua hiyo huunguza majani ya maharagwe kama yamepitiwa na moto.

Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka tena. Mara hii uji ulipita katikati ya mji, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukateketeza maduka, ukaenda kuingia ziwani. Watu zaidi ya 100,000 walibaki bila nyumba. Koko alivuka mpaka kwenda Gisenyi na wajukuu wawili, na nguo zao alikuwa amezijaza ndani ya arozwari. Mtu akamwuliza kwa nini asichukue sufuria. Akajibu kwamba sufuria bila mboga ni ngoma.

Aliporudi, nyumba ilikuwa imesimama. Matuta yamejaa vumbi jeusi, mboga zimekauka. Alikwangua vumbi kwa mikono, akapanda lengalenga. Lengalenga ilikuwa tayari kuchumwa baada ya wiki chache, na hapo ndipo alipopata pesa ya kwanza ya kurudisha watoto shuleni.

Viroba vilivyotobolewa

Katika kona ya kibanda nilikuta viroba vitupu vilivyokunjwa vizuri, kila kimoja kina matobo ubavuni. Bila kujua ungedhani panya wamevila.

Vilianza mwaka 2021. Jioni ya Jumamosi tarehe 22 Mei mlima ulitoa uji kwa mara nyingine. Uliteketeza vijiji upande wa Buhene, ukasimama karibu na uwanja wa ndege. Watu zaidi ya 30 walikufa. Alfajiri ya tarehe 27 Mei serikali ya jimbo ikaamuru mitaa kumi ya Goma ihame, na Mabanga Kusini na Mabanga Kaskazini zilikuwa ndani ya orodha. Mnakumbuka barabara ya Sake siku ile. Koko alikaa Sake zaidi ya wiki moja, juu ya mkeka, akiwaza matuta yake.

Pale aliniambia neno ambalo nililiandika katika kitabu changu cha kazi: "Bustani isiyoweza kubebwa si bustani ya mtu wa Goma." Aliporudi mwezi wa Juni akaanza kupanda katika viroba.

Hakubuni yeye. Jijini Nairobi, katika mtaa wa Kibera, bustani za magunia zilienea sana baada ya fujo za uchaguzi wa mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008, wakati barabara zilipofungwa na chakula kikakosekana. Kazi yake ni rahisi, na kwa faida ya wale walio kwenye vyumba vya kupanga ninaieleza kama alivyofanya Koko:

Chukua kiroba cha kilo 50. Changanya udongo na mbolea iliyooza vizuri. Katikati simamisha kopo lisilo na kitako wala kifuniko, lijaze mawe madogo, kisha mwaga udongo pembeni yake. Udongo ukifika juu ya kopo, livute juu kidogo, ujaze tena mawe na udongo, hivyo hivyo hadi mdomoni. Ukimaliza una nguzo ya mawe katikati inayopeleka maji hadi chini. Toboa ubavuni matobo ya kuingia vidole viwili, uache nafasi ya kiganja kati ya tobo na tobo. Panda miche ubavuni, na juu pia. Mawe hatununui, sisi ni watu wa Mabanga.

Mwishoni mwa 2022 vita vilipofika Kibumba, watu walishuka kwa maelfu hadi Kanyaruchinya. Mama mmoja na watoto wake wanne hawakupata nafasi ya kujenga kibanda kambini, wakaletwa kwa Koko na mtu wa kanisani. Waswahili husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Koko hakumpa. Siku ya tatu yule mama mwenyewe ndiye aliyeliomba. "Mama," alisema, "nikikaa tu nitawehuka. Unipe hata kipande cha tuta." Watu wa Kibumba ni watu wa shu na karoti, mnawajua. Ndani ya miezi miwili viroba vilikuwa vimezunguka uwanja mzima, na wawili hao walikuwa wakibishana kila asubuhi juu ya nafasi ya kuacha kati ya miche.

Makopo ya mbegu

Nilibakiza makopo kwa mwisho. Yalikuwa tisa, ya maziwa ya unga, yamefungwa kwa nailoni na mpira. Ndani ya kila moja mbegu, na juu ya maharagwe majivu ya jiko na pilipili kavu, kuzuia wadudu.

Kopo la maharagwe ya kupanda juu ya miti lilikuwa limejaa. Hapo nilikaa kwanza chini.

Mnajua jinsi chakula kilivyotufikia miaka hii miwili. Tangu Februari 2024 vita vya kando ya Sake vilikata barabara za Masisi na Minova. Chakula kikaja kwa mitumbwi na mashua hadi Kituku, na tarehe 3 Oktoba 2024 tukaona kwa macho yetu mashua ya Merdi ikizama karibu na nchi kavu, imejaa watu na mizigo. Mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia Goma yenyewe na mji ukachukuliwa na M23. Siku kadhaa hapakuwa na umeme wala maji, na aliyetoka nje alitoka kwa roho mkononi. Nyumbani kwa Koko tulikuwa watu kumi na wanne. Siku ya tatu unga ukaisha. Kila mtu alijua kwamba kopo lile liko kibandani.

Mimi ndiye niliyesema tuyapike. Sifichi. Koko alinitazama, akamtuma mtoto kuchuma lengalenga na matembele kwenye viroba, tukala majani matupu kwa chumvi, siku ile na siku iliyofuata. "Mbegu hailiwi," alisema. "Aliyekula mbegu amekula mwezi wa tano." Nilikasirika. Watoto walikuwa wanalia.

Baadaye nilisoma habari za mji wa Leningrad, huko Urusi, uliozingirwa na jeshi la Ujerumani kuanzia 1941 hadi 1944. Watu wa mji walipanda kabichi hata kwenye viwanja vya katikati ya jiji. Na katika chuo cha mbegu alichokiongoza mtaalamu Nikolai Vavilov, wafanyakazi kadhaa walikufa kwa njaa wakilinda maghala ya mpunga na viazi vya mbegu, hawakuvigusa. Sisemi Koko alikuwa sawa kama wao. Sisi tulikuwa na viroba, ndiyo sababu tuliweza kuziacha mbegu. Asiye na kiroba na mwenye mtoto mgonjwa akipika mbegu, mimi simhukumu.

Mwezi wa Februari 2025 kambi za kando ya mji zilivunjwa. Yule mama wa Kibumba akaamua kurudi kwake. Alipata ukuta bila bati, shamba bila chombo. Majembe yake yote yalikuwa yameibwa. Koko alimpa mbegu, na tena mwezi wa tano walipokutana, yule mama akarudisha kopo likiwa limejaa. Hilo ndilo nililokuta.

Tulivyogawa

Jioni ya siku ya tatu nilisoma orodha yangu mbele ya jamaa, na habari hizi nilizowaeleza nyinyi. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Udongo ule nimeubeba nami, nikiwa mtoto. Lakini karo ya watoto nitalipa na majani?" Hakuna aliyekuwa na jibu, kwa sababu swali lake ni la haki.

Basi tukakubaliana hivi. Chumba kitajengwa, lakini upande wa jiwe, penye banda la sungura, na kitakula theluthi moja tu ya matuta. Udongo wa theluthi hiyo hautafukiwa chini ya msingi. Ulichotwa wote, ukajaza viroba kumi na tisa ambavyo vimepangwa leo kandokando ya ukuta. Atakayepanga chumba atapewa viwili.

Baramini alichukua mjomba, atavunjia mawe ya msingi. Arozwari ni ya mama mdogo. Jembe jipya lilibaki nyumbani. Jembe la Kibati, lile lililolika, tulimtumia mama wa Kibumba. Alituma ujumbe kwamba haliwezi tena kulima shamba, lakini linafaa sana kwa kupandikizia miche, maana ni jepesi.

Mimi nilipewa makopo mawili. Nilipanda yale maharagwe mwenyewe, kwa kuchelewa, mwanzoni mwa Oktoba, katika matuta aliyoyalima yeye. Sasa yameshika miti. Nikivuna, kopo moja nitalijaza kwanza kabla sufuria haijawekwa motoni.

Wasikilizaji wetu mliorudi Kibumba, Sake na Rutshuru, nanyi mliobaki mjini kwa ndugu na marafiki: kama kwenu kuna kibanda cha mtu aliyewatoka, msikabidhi vyuma kwa mnunuzi kabla hamjakaa na wazee mkaulizana kila kimoja kilitoka wapi. Na kama hamna mbegu, mnaijua nyumba yenye ukuta wa mawe na viroba. Leteni kopo tupu.